Habari za Abdullah Susi, Aliyepita Ufipa na Maiti ya Bwana Wake

Katika sharika zetu liko swali ambalo walimu wa dini huniletea mara kwa mara: jirani Mwislamu akifa, je, Mkristo aende mazikoni, au akae nyumbani? Hapa Sumbawanga twakaa pamoja nao. Twauziana nguo na mahindi, watoto wetu husoma darasa moja, na usiku kilio kikisikika hakuna aulizaye kwanza ni cha dini gani. Leo sitajibu kwa hoja. Nitasimulia habari za mtu aliyeikanyaga nchi hii yetu ya Ufipa katika miaka miwili iliyofuatana, mara ya kwanza akimfuata bwana wake aliye hai, na mara ya pili akiwa na maiti yake.

Mtu huyo ni Abdullah Susi. Alikuwa mwenyeji wa Chupanga, kwenye mto Zambezi, na jina lake la Abdullah lajulisha dini yake. Mwaka 1863 Daktari David Livingstone alimwajiri kazi ya chombo chake, na mwaka uliofuata Susi akavuka naye bahari kuu mpaka Bombay. Mwaka 1866 wakarudi Afrika, wakashuka Mikindani, wakaingia bara. Hapo ndipo ilipoanza safari ndefu ya miaka saba. Katika mwaka ule wa kwanza Musa na wenzake, watu wa Anjouan, walitoroka, wakarudi pwani wakatangaza ya kwamba Livingstone ameuawa. Ulikuwa uongo mtupu, lakini watu wengi waliusadiki. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, maana litatufaa mbele. Susi hakutoroka. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871, Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki.

Mwezi wa Agosti 1872 Livingstone akaondoka Unyanyembe pamoja na watu 57 aliopelekewa na Stanley. Wakalifikia Ziwa Tanganyika, wakashika njia ya kusini kwa kuifuata milima iliyo juu ya ziwa, upande wetu wa Ufipa. Aliyepata kushuka kutoka huku juu mpaka ziwani katika mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ajua jua la miamba ile lilivyo. Mzee alikuwa mgonjwa tayari, na njia ile ilimchosha sana.

Hata mwezi wa Aprili 1873, katika nchi ya Ilala, kijijini kwa Chitambo, nguvu zake zikaisha. Usiku wa mwisho alimwuliza Susi, kwa Kiswahili, ni siku ngapi mpaka Luapula. Susi akamjibu kwamba adhani ni siku tatu. Karibu na alfajiri ya tarehe 1 Mei kijana Majwara alikuja kumwita. Susi akaingia na wenzake, wakaona mshumaa ungali unawaka, na bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake umo mikononi. Wakangoja kidogo, wakidhani anasali. Kisha mmoja akamgusa shavu, likawa baridi.

Ndugu zangu, watazameni watu wale. Wengine walikuwa Waislamu, wengine hawakuwa na dini ya kitabu, na wachache walikuwa Wakristo, vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik katika nchi ya Bara Hindi. Pwani i mbali miezi mingi, na watu wa nchi waogopa maiti. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao, wala hakuna mtu angaliwalaumu. Lakini wakafanya shauri, wakakubaliana kumrudisha kwao. Wakauondoa moyo na matumbo, wakayatia katika sanduku la bati, wakayazika chini ya mti. Na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik, akasoma ibada ya maziko. Hivyo tumaini letu la ufufuo wa wafu lilisomwa katika pori lile, na Susi Mwislamu amesimama kando ya kaburi. Hakuna aliyemfukuza, wala yeye hakujitenga.

Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti na turubai. Wakauchukua mtini, Susi na Chuma wakiwa viongozi.

Je, walifanya hivi ili marehemu apate kufufuka? Sivyo. Imani yetu haifundishi kwamba Mungu ashindwa kumfufua mtu kwa kuwa moyo wake uko Ilala na mifupa yake iko London. Mimi naona waliubeba kwa upendo, na kwa ajili ya kweli. Walijua habari za Musa. Wasipoleta mwili, nani atawasadiki?

Basi wakazunguka upande wa kusini wa Tanganyika. Njia ya milima ya ziwani hawakuitaka tena, maana waliikumbuka taabu ya mwaka uliopita. Wakapita upande wa mashariki zaidi, katika nchi hii yetu iliyo kati ya Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mimi nipitapo katika vilima vyetu huwawaza, Waislamu na Wakristo, wakipokezana mti mmoja mabegani.

Mwezi wa Oktoba wakafika Unyanyembe. Huko Cameron, afisa Mwingereza, akawashauri wamzike hapo. Wakakataa. Kule mbele wenyeji walipokataza maiti isipite, wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakayarudisha kama wanaokwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Pale walilipwa mishahara yao wakaachwa. Katika wale wote ni Jacob peke yake aliyekwenda Uingereza pamoja na mwili, uliozikwa Westminster tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma waliitwa baadaye, maziko yamekwisha. Hata leo jambo hili lanisikitisha.

Susi aliporudi aliendelea na kazi ya misafara. Alimtumikia Stanley huko Kongo, kisha akaingia katika kazi ya Misheni ya Universities, Unguja. Na alikuwa Mwislamu bado. Wenzetu wanaopenda kuhesabu wabatizwa kila mwisho wa mwaka na waihesabu na hii: tangu asubuhi ile kwa Chitambo ilipita miaka 13. Tarehe 23 Agosti 1886 Abdullah Susi alibatizwa. Katika mji ule wa Unguja, ambao wengi wa watu wake ni Waislamu, aliishi katika tumaini hilo karibu miaka mitano, akafariki tarehe 5 Mei 1891. Jina la ubatizo aliloitwa ni David, jina la yule aliyepita naye Ufipa.