Henry Darcy, Aliyechungulia Ndani ya Bomba

Nilipoombwa kuandika maisha ya mtu mashuhuri katika toleo hili, wengi walitarajia nilete mshairi au mpigania uhuru. Nilipotaja mhandisi wa maji wa Ufaransa aliyefariki mwaka wa 1858, wengine waliangua kicheko. Ati Chama cha Kiswahili na mabomba wapi na wapi? Mimi nasema hivi: lugha inayoweza kusimulia vita na mapenzi inaweza pia kusimulia safari ya maji kutoka chemchemini hadi jikoni. Isitoshe, hapa kwetu Oyugis maji si jambo la kitabuni. Nani kati yetu hajabeba mtungi kutoka mtoni? Nani hajaona mama zetu wakipanga foleni ya mitungi mbele ya mfereji unaodondosha tone moja moja? Basi tegeni masikio.

Henry Philibert Gaspard Darcy alizaliwa tarehe 10 Juni 1803 katika mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alifariki mwaka wa 1817, Henry akiwa kijana wa miaka 14 tu. Mama mtu hakukunja mikono. Alikopa pesa ili mwanawe apate walimu. Hapo nadhani wengi wetu tunajiona, maana karo zetu nyingine hutoka katika vyama vya akina mama vya kuwekeana akiba. Mkopo ule haukupotea bure. Mwaka wa 1821 Henry aliingia chuo cha École Polytechnique mjini Paris, na mwaka wa 1823 akaendelea katika chuo cha wahandisi wa madaraja na barabara. Alipohitimu akaajiriwa na serikali, na haukupita muda akarudi kutumikia mkoa wake wa kuzaliwa.

Dijon ya siku hizo ilikuwa na shida ya maji isiyosemeka. Kijito cha Suzon kilichopita mjini kilibeba taka za kila namna. Visima vilichimbwa lakini havikutosha. Watu walikunywa maji ambayo leo tusingempa hata ng'ombe. Darcy alizunguka, akapima, akaandika, kisha akapendekeza maji yatolewe katika chemchemi ya Rosoir, kilomita 12.7 kutoka mjini. Alijenga mfereji wa mawe uliofunikwa juu, akaushusha taratibu kufuata mteremko wa ardhi hadi kwenye tangi kubwa. Maji yalifika mjini Septemba 1840. Kutoka tangini yalisambazwa kwa mabomba yenye urefu wa kilomita 28, na yote hayo bila pampu hata moja! Mteremko ndio uliofanya kazi. Mifereji ya umma iliwekwa barabarani ili hata maskini asiye na senti ateke.

Kwa kazi hiyo Darcy alistahili malipo ya faranga 55,000 hivi, pesa ambazo zingemtajirisha. Alizikataa. Alikubali nishani, na haki ya kupata maji ya bure nyumbani kwake maisha yake yote. Jamani, hebu tulinganishe na habari za zabuni tunazosoma magazetini!

Sasa twende kwenye kiini cha makala yangu. Mtu anayetegemea mteremko pekee hana msukumo wa kupoteza. Kila bomba huyanyang'anya maji sehemu ya nguvu zake njiani, na mhandisi lazima ajue ni kiasi gani kabla ya kununua chuma. Wakati huo wahandisi walitumia kanuni ya Mfaransa mwenzao, Prony, iliyotolewa mapema katika karne hiyo ya 19. Ndani ya kanuni hiyo mlikuwamo mwendo wa maji na kipenyo cha bomba. Hali ya ukuta wa ndani, kama ni laini au unaparuza, haikuwamo kabisa. Wataalamu walikuwa na sababu yao, tena yenye akili: waliamini kwamba maji yanayogusa ukuta hushikamana nao na kuwa utando uliotulia. Maji mengine basi hupita juu ya utando huo, kwa hiyo ukuta uwe kioo au chuma chenye kutu ni mamoja.

Darcy alikuwa amelaza mabomba kwa mikono ya vibarua wake, akayaona mapya na akayaona yaliyozeeka. Hakuridhika. Baada ya machafuko ya kisiasa ya mwaka wa 1848 aliondolewa katika cheo chake cha Dijon, akapelekwa Paris kusimamia maji na barabara za jiji. Mwingine angenung'unika tu. Yeye aliutumia uhamisho huo kujibu swali lililomkera. Kati ya mwaka wa 1849 na 1851 alipanga mabomba ya kila aina: ya chuma cha kumimina, ya risasi, ya kioo, ya chuma kilichopakwa lami, mengine mapya na mengine yaliyotolewa ardhini yakiwa na magamba ndani. Membamba yalikuwa na upana wa milimita 12 tu, na manene yalifika nusu mita. Alipitisha maji, akapima yalivyopungukiwa na msukumo kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia na kurudia.

Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1857. Ukuta una neno! Bomba lililopakwa lami laini lilipitisha maji kwa urahisi kuliko chuma kitupu, na bomba lililozeeka likayazuia kupita yote. Kwa chuma chenye magamba, Darcy alishauri makadirio ya upotevu yazidishwe mara mbili ya yale ya chuma kipya. Hata hivyo, hakuwadhulumu waliomtangulia. Katika mabomba membamba ambamo maji yalikwenda polepole sana, aliona upotevu ukifuata mwendo sawia, kama alivyokuwa amegundua daktari Poiseuille aliyechunguza mirija myembamba kwa kufikiria mishipa ya damu. Kwa hiyo kulikuwa na mienendo miwili, na kila mmoja ulikuwa na sheria yake.

Hapa najua kuna mwenzangu ameanza kusinzia, basi tuingie jikoni. Viowevu vyote vina mnato, yaani ile tabia ya tabaka moja kushikilia jingine lisiteleze. Asali ina mnato mwingi, uji unafuata, maji yana mnato mdogo. Chukua vipande viwili vya jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii kwa majirani zetu. Kimoja kisugue kwa msasa hadi king'ae, kingine kiache na mikwaruzo midogo. Viinamishe sawasawa, mimina asali nene juu ya vyote viwili. Utadhani asali ya kwenye mikwaruzo itaachwa mbali. Kumbe wapi! Zitateremka karibu sambamba, bora tu unene wa asali uwe mkubwa kuliko kina cha mikwaruzo. Asali iliyo chini kabisa imeganda kwenye jiwe, ikajaza mashimo madogo, na iliyo juu yake inateleza kwa utulivu tabaka juu ya tabaka. Mparuzo mdogo hufanya kana kwamba ukuta umesogea kidogo, kwa kiasi kisichozidi urefu wa vile vinundu. Kumbe wale wataalamu wa utando hawakukosea kabisa. Walisema kweli kuhusu mwendo wa utulivu.

Ila maji yanayokimbia bombani hayana utulivu wa asali. Yanapiga mawimbi, yanajisokota, yanazunguka kama vumbi la Januari uwanjani petu. Karibu na ukuta hubaki utando mwembamba wa maji ya polepole, na kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo utando huo unavyokonda. Vinundu vikiwa vimezama ndani yake, havina madhara makubwa. Utando ukikonda mpaka vinundu vikachomoza, kila kimoja hugeuka kisiki: maji hukigonga, hujisokota nyuma yake, na nguvu hupotelea humo. Ndiyo sababu mparuzo ule ule, usiozidi unene wa ukucha, ni kitu bure kwa asali na ni balaa kwa maji ya kasi.

Umuhimu wake niliuona karibu na nyumbani, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mfereji wa umma ulianza kupunguza maji mwaka hadi mwaka. Waliokuwa wakijaza ndoo kumi kwa saa sasa walijaza tano au sita. Ikasemwa kwamba mzee aliyeshika ufunguo wa tangi alikuwa akiyauza maji usiku. Mzee wa watu alinyimwa salamu hata sokoni. Hatimaye bomba likakatwa ili kuungwa upya, na tulipochungulia ndani tukaona kutu imejenga vichuguu pande zote. Mimi nilikuwa nimeshika kipande kile mkononi, kizito kama jiwe. Hesabu ya Darcy yatosha kumtetea mzee: upotevu ukiwa maradufu kwenye mteremko ule ule, penye ndoo kumi utapata saba hivi, kabla hata hujahesabu nafasi iliyoliwa na kutu yenyewe. Hakuna aliyeiba. Mwizi alikuwa ukuta wa bomba.

Turudi kwa Darcy. Afya yake haikuwa nzuri, na mwaka wa 1855 aliacha madaraka akarudi Dijon kufanya utafiti tu. Huko alijaza mchanga katika bomba la kusimama, akapitisha maji na kupima yaliyochuja. Aliona kwamba katika vijia vyembamba vya mchanga, maji huenda kwa utulivu kama asali ile yetu: ukiongeza msukumo mara mbili, maji yanayopita huongezeka mara mbili. Matokeo hayo aliyatoa mwaka wa 1856 ndani ya kitabu chake kuhusu maji ya mji wa Dijon. Leo yanaitwa Sheria ya Darcy, na kila anayepima maji ya kisima kirefu, iwe Homa Bay au Garissa, huitumia. Jina lake limekuwa hata kipimo: wataalamu wa mafuta hutumia darcy kupima urahisi wa kiowevu kupenya mwambani.

Mwanzoni mwa Januari 1858 Darcy alifariki mjini Paris kwa nimonia, akiwa na miaka 54. Alirudishwa Dijon akazikwa kwao. Uwanja mmoja mkubwa wa mji huo unaitwa kwa jina lake. Kazi aliyoiacha njiani kuhusu mifereji ya wazi ilikamilishwa na msaidizi wake, Henri Bazin, aliyeichapisha mwaka wa 1865.

Mbegu aliyoipanda iliendelea kuota. Mwaka wa 1883 Osborne Reynolds wa Manchester alitia rangi katika maji yapitayo kwenye mrija wa kioo, akaonyesha wazi mwendo wa utulivu unavyovunjika na kuwa msukosuko. Mwaka wa 1933 Johann Nikuradse, mzaliwa wa Georgia aliyefanya kazi Göttingen, Ujerumani, alitangaza matokeo ya mabomba aliyoyabandika chembe za mchanga za ukubwa uliopimwa. Penye mwendo wa utulivu mabomba yote yalifuata mstari mmoja, na penye msukosuko kila mchanga ukashika njia yake. Yale mambo mawili aliyoyaona Darcy yakathibitika kwa pamoja.

Na msidhani hayo ni ya Ulaya tu. Ukipanda matatu hapa Oyugis kwenda Kisumu, utavuka mto Sondu. Sehemu ya maji yake hupitishwa katika handaki la kilomita 6 na ushei hadi kituo cha umeme cha Sondu Miriu, kilichokamilika mwaka wa 2008 na chenye uwezo wa megawati 60. Mhandisi wa handaki kama hilo hawezi kukwepa swali la Darcy: ukuta utakuwa laini kiasi gani? Kila nguvu inayopotelea kwenye mparuzo ni umeme usiofika kwenye taa zetu za kusomea.

Wenzangu, kilichonivutia kwa mtu huyu si hesabu zake pekee. Vitabu vilikuwa vimekwisha kusema, wakubwa walikuwa wamekwisha kukubali, naye hakuwatukana wala hakunyamaza. Alikwenda kupima. Alipopata jibu, aliwaachia wazee wake ile nusu ya ukweli waliyokuwa nayo, akaongeza nusu iliyokosekana. Sisi tunaokariri kanuni usiku wa kuamkia mtihani tuna la kujifunza hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Darcy aliinama hadi ndani ya bomba.

Atakayenipinga na aje mkutano ujao wa chama. Nitakuja na asali, yeye alete mawe.