Andrew Jackson, Mgogoro wa Fedha wa 1819 na Mipaka ya Haki ya Kura

Andrew Jackson, rais wa saba wa Marekani (1829–1837), aghalabu hutajwa kuwa mtetezi wa mtu wa kawaida dhidi ya wenye mabenki. Sifa hiyo si ya uongo, lakini inaficha jambo la msingi. Hasira iliyomfikisha madarakani ilikuwa ya wadaiwa, ilhali yeye, wakati wa dhiki yao kubwa, alisimama upande wa wanaodai.

Alizaliwa tarehe 15 Machi 1767 katika eneo la Waxhaws, mpakani mwa North Carolina na South Carolina. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa, na mama yake alifariki mwaka 1781, wakati wa vita vya uhuru. Alisomea sheria, akahamia Nashville mwaka 1788, akajiingiza katika biashara ya ardhi. Mwaka 1795 alimwuzia ardhi David Allison, mfanyabiashara wa Philadelphia, akapokea hati za ahadi ya malipo badala ya fedha taslimu. Hati hizo alizidhamini kwa saini yake na kuzitumia kununulia bidhaa za duka. Allison alipofilisika, deni lilimwangukia Jackson, naye akahangaika nalo kwa miaka. Tangu hapo fedha ya karatasi na mikopo havikumpendeza.

Mwaka 1819 nchi nzima ilionja uchungu huo. Baada ya vita na Uingereza kumalizika mwaka 1815, ardhi ya magharibi ilikuwa imeuzwa kwa mkopo, na mabenki ya majimbo yalikuwa yametoa noti kupita akiba yao ya dhahabu na fedha. Benki ya Pili ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1816, kwanza ilichochea mikopo hiyo, kisha kuanzia 1818 ikaanza kuidai kwa ghafla. Bei ya pamba iliporomoka, mashamba yakapigwa mnada, na wadaiwa wakatupwa gerezani.

Huko Tennessee, Felix Grundy alipendekeza mwaka 1820 ofisi ya serikali ya kuwakopesha wadaiwa noti za jimbo. Jackson, ambaye jina lake lilikwishavuma kwa ushindi wa New Orleans wa 1815, aliongoza wenzake wa wilaya ya Davidson kuupinga mpango huo kwa maandishi. Sheria ilipitishwa hata hivyo. Upinzani wake haukuwa wa kinafiki, kwani kwake noti za jimbo hazikuwa na tofauti na hati za Allison. Lakini kwa mkulima aliyekabiliwa na mnada, hoja hiyo haikuwa na faraja yoyote.

Mgogoro huo haukuanzisha upanuzi wa haki ya kura. Indiana (1816) na Illinois (1818) zilikwishajiunga na muungano bila kudai kwamba mpiga kura awe na mali. Uliloleta ni sababu ya kuitumia kura: sheria za madeni na mabenki sasa ziligusa kila kaya. Mwaka 1824 Jackson alipata kura 99 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 84 za John Quincy Adams, lakini hakufikia nusu, na Baraza la Wawakilishi likamchagua Adams. Mwaka 1828, majimbo yote isipokuwa Delaware na South Carolina yalipowaachia wapiga kura uchaguzi wa wajumbe, waliojitokeza waliongezeka kutoka takriban asilimia 27 hadi 57 ya waliostahili, naye akashinda. Mwaka 1832 alitumia kura ya turufu kuinyima Benki ya Pili leseni mpya.

Mlango uliofunguliwa kwa mzungu asiye na mali ulifungwa kwa wengine. New York, katika katiba yake ya 1821, ilimtaka mtu mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti lililokuwa zito zaidi ya lile la wazungu. Katiba ya Tennessee ya 1796, ambayo Jackson alikuwa mjumbe wa mkutano ulioitunga, iliwaruhusu watu weusi huru kupiga kura. Ile ya 1834, yeye akiwa rais, iliwanyang'anya.

Jackson alifariki tarehe 8 Juni 1845 katika shamba lake la Hermitage, akiwamiliki watumwa wapatao 150. Wanaume weusi wa Tennessee walirudishiwa kura mwaka 1867.