Ronald Ngala: Mwalimu wa Kilifi aliyetaka mambo yaamuliwe nyumbani

Kwa vijana wengi, Ronald Ngala ni jina la barabara tu. Ni pale Nairobi unaposhukia matatu, unanunua viatu, unaenda zako. Ukiuliza jamaa mwenyewe alikuwa nani, wengi wanakutolea macho. Hata huku Kibarani, ndani ya kaunti yake ya nyumbani, stori yake haisimuliwi sana. Na bado swali alilolibeba maisha yake yote ndilo hili linaloturudia kila msimu wa bajeti: nani aamue mambo ya hapa, na nani awe ndani ya chumba yakiamuliwa?

Ronald Gideon Ngala alizaliwa 1923, Mgiriama wa Kilifi. Alikuwa kichwa. Alipita Alliance, akaenda Makerere kusomea ualimu, kisha akarudi Pwani kushika chaki mpaka akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa.

Mombasa ya wakati huo ilikuwa na watu wa kila aina: Waswahili, Waarabu, Wahindi, Mijikenda, Wazungu na vibarua wa bandarini kutoka bara. Lakini serikali ya kikoloni iligawa viti vya baraza la mji kwa rangi, na Mwafrika akaambulia makombo. Ngala aliingia katika baraza hilo miaka ya 1950. Kwa hivyo kabla hajawa mwanasiasa wa kitaifa, alishajua kukaa kwenye meza ambayo watu wake ni wachache na maamuzi yanawahusu wote.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Na usidhani kila mtu alipiga kura. Ulipimwa kwa elimu, mapato, mali na kadhalika, na mtu mmoja aliweza kupata hadi kura tatu huku jirani yake hana hata moja. Ngala akashinda kiti cha Pwani.

Mwaka 1960 kikaundwa chama cha KANU, kikiongozwa zaidi na vigogo wa Wakikuyu na Wajaluo, makabila makubwa. Jamii ndogo zikaingiwa na hofu: mkoloni akiondoka, si tutabadilisha bwana tu? Mwaka huohuo Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao wakaunda KADU, Ngala akiwa kiongozi. Uchaguzi wa 1961 KANU ilishinda, lakini ikakataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa. KADU ikaingia, na yule mwalimu wa Buxton akawa kiongozi wa shughuli za serikali.

Pale Lancaster House, London, mwaka 1962, Ngala alipigania kitu kimoja: majimbo. Kila eneo liwe na bunge lake, na mambo kama elimu na ardhi yasisubiri ruhusa ya Nairobi. Huku nyumbani kulikuwa na kundi la Mwambao, waliotaka ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa bado chini ya jina la Sultani wa Zanzibar, ujitenge na Kenya. Ngala aliwakatalia. Aliitaka Pwani ndani ya Kenya, ila Pwani yenye sauti.

Wakosoaji nao hawakukosa hoja. Walowezi wengi wa Kizungu waliunga mkono majimbo, na KANU ikasema mpango huo unalinda mashamba yao. Hilo huwezi kulifuta kwenye stori.

Mwaka 1963 katiba ikaja na majimbo saba, kila moja na bunge lake. KANU ikashinda uchaguzi, Ngala akawa kiongozi wa upinzani, na serikali kuu ikaanza kuyanyima majimbo pesa na nguvu. Wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja baada ya mwingine. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akavunja chama chake na kujiunga na serikali. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba, majimbo yalikuwa yamekwisha. Baadaye akawa waziri. Alifariki tarehe 25 Desemba 1972 baada ya ajali ya barabarani, hata miaka 50 hajafikisha.

Sasa, tusimfanye malaika. Majimbo yalikuwa na kasoro moja kubwa: yalihesabu watu kwa makundi. Ukishasema hili ni eneo la jamii fulani, yule aliyehamia anabaki kuwa mgeni milele. Tuliona mwisho wa fikra hiyo Likoni mwaka 1997, miaka 25 baada ya Ngala kufa, watu wenye asili ya bara walipouawa na kufukuzwa, na neno majimbo likitajwa. Hiyo si kazi ya Ngala. Lakini inaonyesha kwamba kusogeza maamuzi karibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kila anayeishi hapo anasikilizwa.

Katiba ya 2010 ilijaribu kushika nusu zote mbili. Ilituletea kaunti 47. Kifungu cha 174 kinataja ushiriki wa wananchi na haki za walio wachache. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuuhusisha umma. Umma, si wenyeji tu. Hilo neno lina uzito.

Iangalie wadi ya Kibarani kwa jicho hilo. Kuna Mijikenda, Waswahili na waliotoka bara kutafuta riziki. Kuna mama wa shambani, na kijana wa boda ambaye mkutano wa saa nne asubuhi unamlia pesa ya siku. Kuna shule ya viziwi hapahapa Kibarani, kwa hivyo mkutano usio na mkalimani wa lugha ya ishara una watu uliowafungia mlango. Wazee watatu wa mtaa wakiitikia na karatasi ikasainiwa, huo si ushiriki.

Majimbo ya Ngala yalikatwa pumzi kutoka juu. Sisi tuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo muulize MCA wako mkutano ni lini na wapi. Na ukienda, nenda na jirani ambaye hafanani na wewe.