Azikiwe: Mwanahabari aliyezindua chuo kikuu kwa ushirikiano wa mabara matatu

MNAMO Oktoba 1960, majuma mawili hivi baada ya Nigeria kujinyakulia uhuru, wanafunzi 220 walianza masomo mjini Nsukka, mashariki mwa nchi hiyo, wakifunzwa na wahadhiri 13 pekee. Hicho ndicho kilikuwa chuo kikuu cha kwanza nchini humo kilichokuwa na mamlaka ya kutoa shahada zake chenyewe.

Aliyekuwa amekipigania kwa miaka mingi ni Nnamdi Azikiwe, maarufu kwa jina Zik, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Nigeria. Wengi humkumbuka kama mwanasiasa na mwanahabari shupavu. Hata hivyo, huenda kazi yake iliyodumu zaidi ni ile ya kuwaleta pamoja wasomi wa Afrika, Amerika na Ulaya ili kujenga chuo cha umma.

Azikiwe alizaliwa Novemba 16, 1904 katika mji wa Zungeru, kaskazini mwa Nigeria, ambako babake, Mwigbo wa Onitsha, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Akiwa kijana jijini Lagos, alimsikiliza msomi mashuhuri kutoka Gold Coast, James Aggrey, ambaye pia alizuru Kenya mwaka wa 1924. Aggrey alikuwa amesomea Marekani, na tangu siku hiyo Azikiwe hakutamani jingine ila kufuata nyayo zake.

Safari yenyewe haikuwa rahisi. Jaribio lake la kwanza, la kujificha ndani ya meli, liliambulia patupu. Mnamo 1925 babake alimpa akiba yake naye akaabiri meli hadi Marekani. Huko aliosha vyombo, akachimba makaa ya mawe na hata kupigana ndondi ili apate karo. Wakati mmoja maisha yalimlemea kiasi cha kujaribu kujitoa uhai kwenye reli. Aliokolewa, akaendelea na masomo katika vyuo vya Storer, Howard na Lincoln, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Dhiki hiyo ilimfunza jambo moja: elimu ya ng’ambo ilikuwa na manufaa makubwa, lakini bara zima halingeweza kuelimishwa kwa kuwapakia vijana wachache melini. Katika kitabu chake Renascent Africa, kilichochapishwa 1937, alitetea haja ya Waafrika kuwa na vyuo vikuu vyao wenyewe.

Mwaka huo huo alirejea Nigeria baada ya kuhariri gazeti mjini Accra, akaanzisha West African Pilot. Aidha, aliwahimiza vijana kwenda kusoma Marekani. Miongoni mwa walioitikia mwito huo ni K. O. Mbadiwe na Mbonu Ojike, ambao baadaye walikuwa viongozi.

Nafasi ya kutimiza azma yake ilijitokeza mnamo 1954 alipochaguliwa kuwa Waziri Mkuu wa Jimbo la Mashariki. Wakati huo chuo pekee cha hadhi hiyo nchini kilikuwa kile cha Ibadan, kilichoanzishwa 1948, na shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Hali ilikuwa kama hiyo hapa kwetu: chuo cha Nairobi pia kilitegemea mitihani ya London mwanzoni mwa miaka ya sitini, na hakikuwa chuo kikuu kamili hadi 1970.

Mnamo Mei 1955 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Nigeria. Bodi ya kuuza mazao ya wakulima wa jimbo hilo ilitenga fedha za ujenzi. Hivyo basi, kabla ya mgeni yeyote kualikwa, jasho la mkulima wa mawese lilikuwa tayari limewekwa mezani.

Ndipo Azikiwe alipotafuta washirika. Mnamo 1958 ujumbe wa wataalamu watatu ulizuru Nigeria. Ulimjumuisha John Hannah, rais wa Chuo Kikuu cha Michigan State, mwenzake Glen Taggart aliyesimamia mipango ya kimataifa chuoni humo, na J. W. Cook, mkuu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza.

Azikiwe hakuichagua Michigan State kwa kubahatisha. Chuo hicho cha umma kilianzishwa 1855 ili kufundisha kilimo, na desturi yake ilikuwa kupeleka maarifa hadi shambani. Nsukka ikafuata mkondo huo. Mbali na sanaa na sayansi, ilifundisha kilimo, ualimu, biashara na uanahabari, masomo ambayo wafuasi wa mtindo wa Uingereza waliyaona hayastahili shahada. Mwamerika George Johnson alikuwa naibu chansela wa kwanza, Taggart akamrithi mnamo 1964, kisha Mnigeria Eni Njoku akashika usukani 1966.

Ushirikiano huo ulikuwa na doa. Wahadhiri waliofunzwa Uingereza na wale wa Marekani walivutana kuhusu mitaala, na wapo waliobeza shahada za Nsukka kuwa hafifu. Pigo kubwa zaidi lilikuja Julai 1967, vita vya Biafra vilipozuka na Nsukka ikatekwa. Wamarekani waliondoka, majengo yakaharibiwa na vitabu vikateketea. Azikiwe mwenyewe aliunga mkono Biafra mwanzoni, lakini mnamo 1969 akaihama na kuhimiza umoja wa Nigeria, hatua ambayo baadhi ya Waigbo hawakumsamehe.

Vita vilipokwisha Januari 1970, chuo kilifunguliwa upya. Safari hii Wanigeria wenyewe ndio waliokifufua. Hapo ndipo ilipobainika kuwa Azikiwe alikuwa amejenga juu ya mwamba: washirika waliondoka, ilhali chuo, sheria yake na masomo yake vilibaki.

Leo vyuo vikuu vya umma katika eneo letu hutia saini mikataba na vyuo vya ng’ambo kila mwaka. Mfano wa Nsukka unatukumbusha kuwa mwenyeji anayejua anachokitaka, na aliyetoa chake kwanza, ndiye hunufaika na mgeni.

Azikiwe alifariki Mei 11, 1996 akiwa na umri wa miaka 91. Alikata roho mjini Enugu, katika hospitali ya mafunzo ya chuo kile kile alichokianzisha.