Shaaban Robert: Mzazi na Mtunzi

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kazi iliyomtaka atii amri. Alipofiwa na mkewe Amina, alibaki na mzigo wa malezi. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini tunazikuta tenzi mbili za wosia: Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Ni rahisi kuzisoma kama mafunzo ya utii tu. Usomaji huo haukosei, ila haukamiliki. Mwaka 1951 mzazi huyohuyo alitoa Kusadikika, ambamo Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye hakani, bali anajitetea kwa hoja mbele ya baraza. Kwa maoni yetu, adabu aliyoiusia haikuwa kunyamaza. Ilikuwa kumwezesha mtoto aijue haki mapema, ili siku ya kuitetea asingoje ruhusa. Kuzifundisha tenzi hizo bila Karama ni kumrithisha mwanafunzi nusu ya wosia.