Robert Koch: Mganga wa wilaya aliyefumbua fumbo la kimeta

Ng'ombe akianguka ghafla na kufa kwenye tambarare za Monduli, magharibi mwa Mlima Meru, maafisa mifugo hutoa onyo lilelile: msimpasue, msimchune, msimle. Onyo hilo lina chimbuko kwenye kazi ya daktari mmoja Mjerumani, takriban miaka 150 iliyopita.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal. Alihitimu udaktari Göttingen mwaka 1866, na mwaka 1872 akawa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Huko kimeta kilikuwa kinamaliza mifugo, na wafugaji nao wanaugua.

Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na chumba nyumbani kwake na hadubini aliyopewa na mkewe, basi. Wengine walishaona vijidudu vyenye umbo la fimbo kwenye damu ya mifugo iliyokufa. Swali likabaki: ndivyo vinavyoua?

Koch alichovya vibanzi vya mbao kwenye damu hiyo, akawachoma navyo panya. Wakafa. Waliopewa damu ya mnyama mzima wakapona. Kisha akaotesha bakteria hao kwenye maji ya jicho la ng'ombe, akaona jambo jipya: hali ikiwa ngumu, wanageuka spora, vimbegu vyenye gamba gumu vinavyoweza kulala udongoni miaka mingi.

Ndiyo maana mzoga haupasuliwi. Ukifunguliwa, bakteria wanakutana na hewa na kutengeneza spora, malisho yanabaki na sumu ya kesho.

Mwaka 1876 alitangaza matokeo hayo, jina likapaa. Mwaka 1882 akatambua bakteria wa kifua kikuu, kisha wa kipindupindu. Mwaka 1905 akapata Tuzo ya Nobel.

Afrika Mashariki alifika pia. Mwaka 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam, akichunguza malaria. Mwaka 1906 alirudi kupambana na malale, akaweka kambi visiwa vya Sese, Uganda. Huko sifa yake ilipata doa: dawa ya Atoxyl, yenye madini ya aseniki, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Alifariki Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden.

Alichokufa bila kukijua

Koch alimjua muuaji, lakini hakujua anavyoua. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1954, pale Harry Smith na James Keppie wa Uingereza walipoonyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama mwenye kimeta yanaua hata bakteria wakishaondolewa. Kumbe kazi hufanywa na sumu.

Sumu hiyo ina protini tatu. Ya kwanza hunata juu ya seli ya mwili na kuwafungulia wenzake njia. Mbili zinazobaki huingia ndani. Moja hukata mawasiliano ya seli, askari wa kinga wakabaki hawana amri. Nyingine huvuruga mpangilio wa maji, mwili ukavimba.

Hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu. Antibiotiki huua bakteria, lakini haiitoi sumu ambayo imeshaingia kwenye seli. Mgonjwa anaweza kufa wakati bakteria wameshakwisha.

Hili si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2016 kimeta kiliibuka Selela, wilayani Monduli, kikaua wanyamapori na kupata watu pia.

Kwa mfugaji, kazi ya Koch na ya waliomfuata inaacha mambo matatu: chanja mifugo, toa taarifa ya mzoga bila kuugusa, na ukiona kidonda chenye gamba jeusi kisichouma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kiume.