Marcus Garvey na Rangi Tatu Zilizodumu

Marcus Garvey alizaliwa tarehe 17 mwezi wa nane 1887 huko St. Ann's Bay, kisiwani Jamaika, wakati huo koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa mwashi mwenye kupenda vitabu. Kijana aliacha shule mapema, na alipokuwa na miaka 14 hivi akaanza kujifunza uchapaji kwa baba yake wa ubatizo. Kazi hiyo tusiipite haraka. Mtu aliyezoea kupanga herufi kwa vidole vyake anajua kwamba ukubwa wa kichwa cha habari, picha na rangi huzungumza kabla msomaji hajasoma neno la kwanza.

Alifanya kazi Kingston, akashiriki mgomo wa wachapaji wa mwaka 1908, akazunguka Amerika ya Kati, kisha akaishi London. Mwaka 1914 alirudi Jamaika na kuanzisha shirika lake, Universal Negro Improvement Association. Mwaka 1916 alihamia Marekani, na shirika likakua sana Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York. Mwaka 1918 lilianzisha gazeti, Negro World, na mwaka 1919 kampuni ya meli, Black Star Line. Hisa moja iliuzwa dola 5, na walionunua wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kawaida.

Mwezi wa nane 1920 shirika liliitisha mkutano mkubwa New York. Maelfu walijaa ukumbi wa Madison Square Garden. Barabarani palikuwa na maandamano, wauguzi waliovaa meupe, walinzi wenye sare, na Garvey mwenyewe akiwa na kofia ya manyoya. Tarehe 13 wajumbe walipitisha tangazo la haki, ambamo ibara ya 39 ilitaja rangi za watu weusi: nyekundu, nyeusi na kijani. Nyekundu ni damu iliyomwagika, nyeusi ni ngozi, kijani ni mimea ya Afrika. Wasomi weusi kama W. E. B. Du Bois walimkosoa vikali, lakini watu walivaa rangi hizo na kupeperusha bendera yake.

Kwetu sisi wa isimu, jambo hili lina mafunzo. Katika Kiswahili, -eusi na -ekundu ni vivumishi vyenye mizizi yao, vinavyopokea viambishi vya ngeli: watu weusi, kitambaa chekundu. Kijani kimetoka kwa jani. Tukisema rangi ya majani tunataja mmea wenyewe. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya ukanda wa kijani wa Garvey. Nyekundu ni tofauti. Hakuna kitu katika wekundu kinacholazimisha damu ya mababu. Ingeweza kuwa moto au arusi. Maana yake ilitoka kwa mapatano ya wajumbe, kama vile neno linavyopata maana kwa mapatano ya wasemaji.

Alama hizo zilitisha wakoloni. Negro World lilipigwa marufuku katika makoloni kadhaa. Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri Nkamba mwaka 1921, baadhi ya Wabelgiji walishuku kwamba mawazo ya Garvey yameingia Kongo.

Lakini alama nyingine ya Garvey ilimwangusha. Kampuni yake ilisambaza matangazo yenye picha ya meli iliyoandikwa jina Phyllis Wheatley. Meli hiyo haikuwa mali yake. Mazungumzo ya kuinunua yalikuwa hayajaisha. Mwaka 1923 alihukumiwa miaka 5 kwa udanganyifu kwa njia ya posta. Ni kweli kwamba watu wa serikali walikuwa wakimtafutia kosa tangu 1919. Ni kweli pia kwamba meli zilinunuliwa vibaya na kuendeshwa vibaya, na kwamba wanyonge walipoteza akiba zao. Alifungwa Atlanta mwaka 1925. Mwaka 1927 Rais Coolidge alimpunguzia kifungo, akarudishwa Jamaika.

Alifia London tarehe 10 mwezi wa sita 1940, bila kukanyaga Afrika hata mara moja. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 iliweka nyota nyeusi katika bendera, na kampuni yake ya meli ikaitwa Black Star Line. Rangi zake tatu zikaonekana katika bendera ya Kenya mwaka 1963, pamoja na nyeupe, na ya Malawi mwaka 1964. Mwaka huo huo mwili wake ulirudishwa Jamaika, akatangazwa shujaa wa taifa.

Picha ya meli ilidai kitu ambacho hakikuwepo, na wanunuzi wa hisa hawakuwa na njia ya kukihakiki. Rangi tatu hazikudai mali yoyote. Yeyote mwenye kipande cha kitambaa aliweza kuzitumia, na waliozitumia ndio walioendelea kuzipa maana baada ya mwenyewe kufa.